Mchanga kwenye Buti

Tarehe 6 Januari 2014, gavana wa jimbo la Minnesota, Marekani, aliamuru shule zote za umma zifungwe kwa sababu ya baridi. Sisi tuliohudumia wazee kwenye makao yao huko Duluth tuliingia zamu kama kawaida. Wazee hawafungwi.

Gari langu lilikuwa Ford Crown Victoria kuukuu. Injini nzito ya V8 imekaa mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma, na buti ikiwa tupu, huko nyuma hakuna uzito wa kuyakandamiza yasiteleze. Na Duluth ni mji wa mlimani. Mitaa yake inateremka moja kwa moja hadi Ziwa Superior. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huanza kushindwa kazi baridi ikipita nyuzi 10 hasi hivi. Wiki ile tulishapita huko mbali.

Zamu ilipoisha, mzee mmoja wa Kisii, aliyewahi kuendesha malori ya Mombasa hadi Malaba, alinisimamisha.

"Kijana, unateremka na gari jepesi namna hii? Hebu fungua buti."

Akatoa kwake mifuko minne ya mchanga, kila mmoja kama kilo 27, akailaza juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma. Nilitaka kuisogeza nyuma zaidi, akanizuia: ikikaa mwishoni, mkia ukianza kuyumba mchanga wenyewe utauvuta.

Kisha akanipeleka kwenye uwanja mtupu wa kuegeshea magari, akaniamuru nikate kona na kukanyaga mafuta makusudi. Nyuma ikaponyoka. Moyo ulinipanda kooni.

"Toa mguu! Breki usiiguse. Mkia ukienda kulia, usukani kulia. Tazama unakokwenda, usitazame unachokiogopa."

Tulirudia mpaka vidole vikafa ganzi. Neno la macho ndilo lililonisaidia kuliko yote, kwa sababu mikono hufuata macho, na mimi nilikuwa nakodolea nguzo ya taa. Nilipoanza kutazama upenyo, gari lilinyooka.

Tukateremka mtaani, yeye pembeni yangu. Katikati ya mteremko mkia ukachomoka kushoto. Nikaachia mafuta, usukani kushoto kidogo, nikarudisha. Mzee hakusema kitu hadi tuliposimama.

"Vizuri, mwanangu. Mshahara ukitoka tutafute tairi za theluji, zote nne. Hizi mpira wake umekuwa mgumu kama ubao."