Ile asilimia moja ya Shemeji

Toka Jumapili sijatulia. Wiki yenyewe ilikuwa na mengi, mdogo wangu kajifungua salama mtoto wa kike, mimi nimerudishwa zamu za usiku, mkataba wangu umeongezwa mwaka, ila kinachozunguka kichwani ni swali moja la Shemeji na jinsi nilivyokosa la kusema.

Mnamkumbuka, mume wa Dada. Ile kazi aliyokuwa anaisubiri kaipata, kampuni ya frakingi, wale wanaotoboa ardhi kilomita mbili hata tatu halafu wanasukuma maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali kwa presha kali mpaka mwamba unapasuka na gesi inatoka. Tulikaa kumuaga, na mimi nikasema yaliyo moyoni kwamba naogopa maji ya watu. Nikataja Ufaransa walioipiga marufuku 2011. Nikataja watu wa In Salah, kule jangwani Algeria, walioanza mwaka 2015 kwa kukaa uwanjani siku baada ya siku kuikataa, kwa sababu maji yao yanatoka chini ya ardhi na yakiharibika hawana mto wa kukimbilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndo akasema taratibu tu:

"Shemeji, asilimia 99 ni maji na mchanga. Hiyo moja iliyobaki ndo inakunyima usingizi?"

"Hata moja ni nyingi."

"Nyingi kwa kipimo gani?"

Kimya. Dada akacheka, wengine wakafuata, mada ikaishia hapo. Na kicheko cha Dada ndo kimeniuma kuliko swali lenyewe, maana yeye anajua mimi siongeagi ovyo kuhusu mambo ya afya.

Nikawa nalirudia. Nyingi kwa kipimo gani. Naoga, nalisikia. Nakabidhiwa zamu, nalisikia.

Basi juzi saa tisa usiku nabadilisha dripu ya mgonjwa, macho yakatua kwenye lebo ambayo nimeisoma miaka na miaka: sodiamu kloraidi 0.9%. Nikasimama pale. Yani hata asilimia moja haijafika! Na sijawahi kumwambia mgonjwa haya ni maji tu. Kuna chupa nyingine ya asilimia 3, hiyo ukiiachia ikimbie bila mpango unaweza kumharibu mtu ubongo. Hicho ndo kipimo, Shemeji, kazini kwangu asilimia moja ndo inayoamua mtu atoke wodini anatembea au asitoke.

Nikachukua karatasi. Kisima kimoja cha gesi kinaweza kumeza lita milioni 15 za maji, kwa hiyo moja ya mia ni lita 150,000 za kemikali, kisima kimoja tu hicho. Sisemi kila kisima kinavuja, mabomba yakizungushiwa saruji vizuri yanazuia mengi. Ila chupa yangu ina lebo. Ya kwao mara nyingi sehemu ya lebo ni siri ya biashara, na kuna kitu nikikikumbuka kama nesi nachemka kabisa: jimbo la Pennsylvania kule Marekani walipitisha sheria 2012 kwamba daktari anayetaka kujua ni kemikali gani ya siri iliyomgusa mgonjwa wake, apewe jina lakini akubali kutunza siri. Mgonjwa yuko kitandani, daktari anajua, na hawezi kuwaambia majirani zake wanaokunywa maji yale yale! Mahakama ya juu ya jimbo ilikuja kuifuta 2016. Ndo maana namwelewa Howard Zucker, aliyekuwa kaimu kamishna wa afya wa jimbo la New York, Desemba 2014 alijiuliza kama angemwacha mwanae acheze uwanja wa shule ulio karibu na visima hivyo, akajijibu hapana, na jimbo likakataza.

Nikamwandikia Shemeji yote hayo saa tisa na nusu ile ile, dripu, hesabu, lebo. Nilikuwa na furaha, kwa kweli, nilihisi nimerudishiwa sauti yangu.

Asubuhi akajibu. "Shemeji umenishika. Hata mimi nimeuliza humo ndani kuna nini, nimeambiwa nitaelezwa nikifika. Mimi naanzia upande wa mchanga."

Upande wa mchanga.

Furaha ikakata. Siku tatu nzima nabishana na ile moja, zile 99 sijaziangalia hata kidogo. Mchanga wenyewe ni silika, unamwagwa tani kwa tani, vumbi lake linaingia mapafuni na halitoki, na Marekani idara za usalama kazini zilitoa onyo 2012 kuhusu wafanyakazi wa visima hivi hivi. Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, silikosisi, hauna tiba. Nimemuuguza mtu mwenye nao, alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Nimempigia Shemeji nikamwambia asikubali kile kibarakoa cha kitambaa, adai cha kuchuja vumbi kinachobana uso, na asimame upande upepo unakotokea. Akasema, "Sawa Shemeji, nimekusikia." Dada alikuwa pembeni anasikiliza, safari hii hakucheka.

Anaondoka Alhamisi.

Halafu mdogo wangu katuma picha ya mtoto sasa hivi, siku ya nne leo, wote kwenye grupu wanasema mzuri, mzuri, na mimi naangalia weupe wa macho naona kama una manjano. Anasema tangu jana ananyonya kidogo tu halafu analala. Inaweza kuwa taa ya chumbani. Ngoja nimpigie.