Ugonjwa Haubadiliki, Ngozi Ndiyo Hubadilika

Picha za vitabu vya uparamediki, yaani kazi ya kutibu wagonjwa wa dharura kwenye ambulensi, huku Uingereza zinakera. Aliyeishiwa oksijeni ana midomo ya bluu, na ni Mzungu. Mwenye mzio amekuwa mwekundu mwili mzima, Mzungu. Mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo na vidoa vya zambarau, Mzungu tena. Mwanafunzi akizikariri hizo, siku akipakiziwa mama wa Kikongo au mzee wa Kisomali ataandika “ngozi kawaida” wakati mgonjwa anazidi kuzama. Nyie mnaouliza kila siku jinsi ya kuja kusomea kazi hii, someni hili kwanza, halafu mengine.

Tuanze na oksijeni. Kwa mtu mweusi ile bluu haitandi juu ya ngozi. Kinachokuja ni ukijivujivu, na hauonekani usoni. Funua mdomo wa chini uangalie ndani. Mwambie atoe ulimi. Fizi zitazame kwa tahadhari, maana wengi wetu tuna fizi nyeusi za kuzaliwa, kwa hiyo ulimi ndio shahidi mzuri zaidi. Kisha kucha. Halafu muulize aliyekaa naye: rangi yake ndiyo hii siku zote? Ndugu wa mgonjwa huiona tofauti ambayo wewe, uliyemkuta saa hii, huwezi kuiona.

Lakini rangi ni dalili ya kuchelewa. Kabla haijafika, tazama upumuaji. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mara 25 na kuendelea, au 8 na kushuka, hupewa alama 3 kwenye NEWS2, mfumo wa Uingereza wa kupima hali ya mgonjwa ni mbaya kiasi gani, yaani alama ya juu kabisa kwa kipimo kimoja. Hesabu ukiwa umemshika mkono kana kwamba unapima mapigo, kwa sababu mtu akijua unahesabu pumzi zake hubadilisha. Angalia misuli ya shingo inavyovuta, ngozi kati ya mbavu inavyoingia ndani, na kama anamaliza sentensi bila kukata pumzi. Mwenye pumu aliyekuwa akitoa mluzi kifuani kisha ghafla kifua kikanyamaza huku amechoka na kusinzia, huyo hajapata nafuu. Hewa haipiti tena.

Sasa kile kipima oksijeni cha kidoleni, ambacho kila mtu anakiamini. Hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kwenye kidole, kisha hukadiria oksijeni kutokana na mwanga uliofyonzwa na damu. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, nayo hufyonza mwanga. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walilinganisha namba za kifaa hiki na vipimo vya damu ya ateri. Pale kifaa kilipoonyesha asilimia 92 hadi 96, wagonjwa weusi asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88, na weupe asilimia 3.6. Hiyo 94 ya bibi mweusi anayehema, basi, isikutulize. Futa rangi ya kucha, pasha kidole joto kama ni baridi, hakikisha mapigo yanayosomeka yanalingana na ya mkononi, na rudia kupima uone namba inaelekea wapi. Namba ikisema salama na mwili ukisema hatari, sikiliza mwili. Na kwa aliyevuta moshi wa jiko la mkaa chumba kimefungwa, kifaa kinaweza kuandika 100 huku kaboni monoksaidi imekalia nafasi ya oksijeni kwenye damu.

Anayevuja damu, hata kwa ndani, hupauka. Kwetu utauona upauko huo ukivuta kope la chini, au kwenye viganja na ndani ya mdomo. Bonyeza katikati ya kifua sekunde 5, achia: rangi ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, mzunguko wa damu una shida. Kama kifuani huoni kitu, bonyeza ukucha, ila kidole chenye baridi hudanganya. Tumia mikono pia: jasho la baridi halina rangi. Presha usiisubiri ishuke. Kijana mwenye afya anaweza kubaki na presha nzuri hadi anakaribia kupoteza asilimia 30 ya damu yake, kisha anaanguka mara moja.

Mzio mkali nao una mtego wake. Wekundu hauonekani vizuri kwetu, hivyo pitisha kiganja mgongoni na tumboni utafute mabaka yaliyoinuka, na muulize anawashwa wapi. Wagonjwa kati ya asilimia 10 na 20 hawana dalili yoyote ya ngozi iliyo wazi. Sauti imekwaruza, ulimi umevimba, pumzi zinabana, au presha imeporomoka baada ya karanga, dawa au nyuki: adrenalini mikrogramu 500 kwa mtu mzima, yaani mililita 0.5 ya ile ya 1 kwa 1,000, kwenye msuli wa nje ya paja. Dakika 5 zikipita bila nafuu, rudia. Mlaze, miguu juu. Anayebanwa na pumzi akae huku miguu imenyooka. Usimwinue ghafla atembee kwenda kwenye gari, wapo ambao moyo umesimama hapohapo.

Vidoa vya homa ya uti wa mgongo vitafute viganjani, kwenye nyayo, ndani ya kope na kwenye kaakaa. Na vikikosekana, ugonjwa bado unaweza kuwepo.

Kwa mnaojipanga: tangu Septemba 2021 paramediki mpya England anahitaji shahada, usajili ni wa HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, na jina lenyewe linalindwa na sheria. Waajiri wengi hudai leseni ya udereva ya daraja la C1, ya magari mazito kiasi, kwa hiyo mazoezi ya kuendesha yaanze mapema. Wanaosema tunasomea kubeba machela wajue kwamba paramediki aliyesajiliwa hutoa mofini bila kumpigia daktari simu.

Na hiyo mofini ndiyo inaniumiza roho zaidi, kwa wagonjwa wetu wa selimundu (sickle cell). Mtu amezoea maumivu tangu utoto, kwa hiyo anaweza kukaa kimya akiangalia simu na mapigo yake yakawa ya kawaida, huku mifupa inamuua. Ukimwona ametulia ukadhani anatafuta dawa kwa ulevi tu, umekosea kitabibu na kiutu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka apate dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu afike hospitali, basi anzeni nyumbani kwake. Muulize alama ya maumivu yake na uiamini. Omba mpango wake wa matibabu, wengi wanao. Mfunike apate joto, mpe maji kama anameza vizuri. Akiwa na homa, maumivu ya kifua na oksijeni inashuka, fikiria mapafu yameshambuliwa, na uipigie hospitali simu mapema ili wampokee wakijua. Mtoto wa selimundu aliyelegea upande mmoja ni kiharusi hadi ithibitishwe vingine, hata kama ana miaka 4.