Jinsi Nilivyoutambua Mkaratusi wa Kando ya Kijito

Nilikokulia, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mkaratusi ni mkaratusi tu: hupandwa kwa ajili ya nguzo na kuni, wala hakuna anayeuuliza jina la pili. Nilipohamia Canberra nikakuta Australia ina aina zaidi ya 700 za asili, nami nikajipa kazi ya kuujua mmoja tu, ule mrefu mweupe uliosimama kando ya kijito katika hifadhi ya Tidbinbilla.

Nilikosea mara ya kwanza kwa kulitegemea gome. Lilikuwa laini na jeupe, likining'inia kutoka matawini kwa mikanda mirefu mithili ya ukindu uliochanwa, na kwa weupe huo nikaandika daftarini Eucalyptus mannifera, ambao ni wa kawaida kwenye vilima vya Canberra. Usiku wake nikaona shaka, kwani mannifera huvumilia mawe na ukavu, ilhali mti wangu ulikuwa bondeni, penye udongo wa kina na maji karibu.

Wiki iliyofuata nilirudi na kioo cha kukuzia, nikaokota vijiti vilivyodondoka, maana kukata tawi hifadhini si ruhusa. Matumba ya maua yalikaa matatumatatu, si sabasaba kama ya mannifera, na kila tumba lilivaa kofia yake ndogo iliyochongoka. Kofia hiyo ndiyo iliyompa L'Héritier, mtaalamu wa mimea Mfaransa, jina Eucalyptus mwaka 1788, kwa Kigiriki "kilichofunikwa vyema". Matumba matatu yalinielekeza kwa Eucalyptus viminalis. Hata hivyo, Eucalyptus rubida nao ni mweupe na matumba yake ni matatu, na majani ya mti mzima hayakunifaa kitu, kwa kuwa ya aina zote mbili ni membamba na marefu.

Jibu lilikuwa shinani. Machipukizi ya rubida huwa na majani ya mviringo kama sarafu, yenye ukungu wa buluu. Haya yalikuwa membamba, ya kijani, yamepangana jozi kwa jozi bila vikonyo. Basi ulikuwa Eucalyptus viminalis, ambao majani yake huliwa sana na koala.

Nilipanda mteremko kuukagua mwingine uliofanana nao kwa gome. Huo, matumba yake yalikuwa saba.