Jinsi nilivyorudisha wageni wa Google baada ya kuhamia seva mpya

Tulipohamishia tovuti kwenye seva mpya, anwani ya IP ilibadilika, lakini kikoa, viungo na kurasa vyote vilibaki vilevile. Wageni wanaotoka Google wakaanza kupungua, na kila niliyemuuliza akailaumu IP mpya. Sikukubali. Google huorodhesha kurasa kwa URL (anwani ya ukurasa), si kwa IP, yaani namba ya seva. Roboti yake inayopitia kurasa, Googlebot, ikikuta seva imebadilika huweza kupunguza kasi kwa muda, kisha huiongeza.

Nikafungua rekodi za seva. Kwenye kivinjari kila kitu kilifunguka vizuri, ila Googlebot ilikuwa ikijibiwa 403 (umekatazwa) karibu kila ukurasa, na robots.txt, faili inayoiambia roboti kurasa ipi ipitie, ilitoa 503 (seva haipatikani). Hilo la pili ndilo baya zaidi: faili hiyo ikitoa hitilafu ya seva, Google husitisha kupitia tovuti nzima. Chanzo kilikuwa programu ya ulinzi ya seva mpya, iliyodhani roboti ni mashambulizi.

Jina la Googlebot mtu yeyote anaweza kujipachika, kwa hiyo sikuruhusu kwa jina. Kila IP iliyojiita Googlebot niliitafutia jina lake kwenye DNS, mfumo unaounganisha majina na IP. Likiishia na googlebot.com, nikaangalia kama jina hilo linarudi kwenye IP ileile. Zilizofaulu nikazifungulia. Maombi ya Googlebot yakapanda kwenye Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, na wageni wakafuata taratibu.

Seva ya zamani niliiacha ikifanya kazi hadi rekodi zake zilipoonyesha haitembelewi tena, maana jibu la DNS lenye TTL (muda wa kuhifadhiwa, kwa sekunde) ya 86400 huweza kuhifadhiwa siku nzima. Ukipanga kuhama, shusha TTL hadi 300 mapema.