Nyuki wako wizara moja, mkorosho uko nyingine

Ikifika Juni, huku kwetu Masasi kunapambazuka kwa ngurumo za mashine za kupulizia. Mikorosho inachipua na kutoa maua, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, nao unayataka maua hayo hayo, na asiyepuliza asitegemee kupeleka kitu ghalani. Mimi pia napuliza. Ila nina mizinga pembezoni mwa shamba, kwenye kipande cha miombo tulichogoma kukifyeka, kwa hiyo msimu huu una karaha yake.

Salfa, dawa ya unga ya kuzuia ubwiri, haina ugomvi mkubwa na nyuki. Unga wake hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani ili ushike, na upepo haujaanza. Saa hizo nyuki wamo ndani. Balaa ni dawa ya maji, ile ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi. Hiyo ni sumu ya wadudu, na nyuki ni mdudu. Mtu anamaliza salfa, anakunywa uji, halafu saa tatu jua limeshatoka ndiyo anachanganya ya maji, maua yamefunguka na nyuki wamejaa juu yake. Nenda kwenye mzinga jioni uone. Wanatambaa mlangoni mabawa yakitetemeka, wengine wamekufa ulimi umetoka nje. Ndani wamebaki malkia na wale wachanga, hakuna wa kwenda kutafuta chakula.

Shamba la jirani ni la mjomba wangu. Nikamwendea.

"Shikamoo mjomba. Leo ya unga au ya maji?"

"Marahaba. Ya maji. Lakini hii haina neno, tazama, ina utepe wa buluu."

Utepe huo ndio unaoponza watu. Rangi ya kwenye chupa inaeleza ukali wa dawa kwa binadamu: nyekundu ndiyo kali zaidi, ikifuatiwa na njano, buluu, kisha kijani. Haimsemei nyuki hata kidogo. Onyo la nyuki, likiwepo, limo kwenye maandishi madogo ambayo mjomba hayaoni, na mimi mwenye miwani nayasoma kwa kuyakodolea macho.

Siwezi kusema serikali imelala. Ipo Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Viuatilifu, yaani dawa hizi, vinasajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyotokana na Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Korosho ina Bodi yake na mfumo wake wa kuuzwa kwa stakabadhi ghalani. Lakini nyuki wako Maliasili na Utalii, mkorosho uko Kilimo. Bwana shamba akija anaongea salfa, afisa nyuki akija (akipata pikipiki yenye mafuta) anaongea mizinga ya kisasa. Sijawaona wamesimama pamoja chini ya mkorosho mmoja.

Na jicho la sheria liko zaidi kwenye asali ikishatoka. Ukitaka kuifungasha uiuze dukani kuna alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, na hilo naliunga mkono, asali ya kuchakachua imetuchafulia jina. Inayokwenda Ulaya inatakiwa ichukuliwe sampuli na kupimwa mabaki ya dawa. Vizuri. Ila maabara inapima asali iliyopatikana. Kundi la nyuki lililokufa Julai halina asali ya kupimwa, kwa hiyo haliingii kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Ndiyo maana mimi sisubiri sheria mpya kutoka Dodoma. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, ile ya Mamlaka za Wilaya, inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, na halmashauri ya wilaya ikaziidhinisha. Ninayoitaka ni fupi: dawa ya maji ipulizwe jioni nyuki wakisharudi, na mwenye mizinga ya jirani aambiwe jana yake.

Kuna pingamizi moja la haki. Wengi wetu hatuna mashine, tunakodi. Kijana wa mashine akifika kwako saa nne asubuhi, utamwambia arudi jioni? Atahamia kwa mwingine na hutamwona wiki nzima. Kwa hiyo zamu zipangwe AMCOS, chama chetu cha ushirika, ambako orodha ya wakulima ipo tayari kwa ajili ya pembejeo: alfajiri iwe ya salfa, jioni iwe ya maji. Wasio na mizinga nao wana chao hapa. Chavua ya mkorosho inanata, haipeperushwi na upepo, inabebwa na wadudu. Ukiwaua nyuki kwenye maua, unapunguza korosho zako mwenyewe.

Ajenda nimeshampelekea mwenyekiti wa kijiji. Mjomba amesema ataiunga mkono mkutanoni, kwa sharti kwamba faini ya atakayeikiuka isidaiwe kabla ya korosho kuuzwa mnadani. Nimelikubali, maana Julai hata mimi mfukoni sina kitu.