Euro 128.50, na eti msaliti ni mimi

Mama mkubwa kanipigia kutoka Muheza kuniambia Ulaya imeniharibu. Shikamoo yangu aliiitikia juu juu, kisha: "Mmekula sinia moja nyie. Leo kaka yako anazama, unamtazama?"

Anayezama ni mwanawe. Na maji yenyewe ni faini ya simu. Hapa Ujerumani ukishika simu huku unaendesha ni euro 100, wakijumlisha na gharama zao inafika 128.50, na pointi moja ya kosa inaandikwa Flensburg, kwenye daftari la madereva la nchi nzima. Kwetu lingeishia palepale kando ya barabara, na mnajua linavyoishia. Kilichomvuruga zaidi ni leseni. Alikuwa bado kwenye ile miaka miwili ya majaribio ya dereva mpya, na kosa la simu linaifanya kuwa minne, pamoja na darasa la kulipia. Kaka anasambaza vifurushi, leseni ndiyo jembe lake. Hapo namwelewa kabisa.

Akapinga faini ndani ya wiki mbili, haki yake. Akaniandika mimi shahidi, kwa kuwa nilikaa kiti cha pembeni. Wito wa Amtsgericht, mahakama ya ngazi ya chini, ukaja kwenye bahasha ya njano, na sijamaliza kuusoma, sauti yake ikaingia WhatsApp: "Mdogo wangu, utasema simu ilikuwa yako, mimi nilishika kasha la miwani. Kwisha."

Simu niliiona kwa macho yangu.

Kuna kitu kinawadanganya watu wetu huku. Kwenye mahakama zetu unashika Msahafu au Biblia, unaapa, mwili unasisimka. Hapa shahidi kwa kawaida haapishwi. Hakimu anakukumbusha kusema kweli, anakuuliza jina na kazi, mnaanza. Basi mtu anadhani hayo ni maongezi tu. Kumbe kifungu cha 153 cha sheria ya makosa ya jinai kinamhusu huyohuyo ambaye hakuapa: miezi 3 hadi miaka 5 jela. Ukiapishwa ukadanganya, inaanzia mwaka mzima.

Halafu kipo cha 159, ambacho kaka hataki kukisikia mpaka leo. Ukimshawishi shahidi akaseme uongo mahakamani, naye akakataa, wewe umeshatenda kosa. Si lazima uongo usemwe. Kiwango cha juu kinapunguzwa robo tu, kinabaki miaka 3 na miezi 9. Sisemi angefungwa hiyo yote, hakimu anaweza kuishia kwenye faini. Lakini faini ya jinai hapa inapigiwa hesabu kwa kipato chako cha siku, mara idadi ya siku ulizopewa, na 128.50 ungeikumbuka kwa hamu. Ushahidi wenyewe ni sauti yake, imo ndani ya simu yangu!

Kinachonikera ni kwamba yeye, kama mwenye kesi, aliruhusiwa kunyamaza kimya. Hata angekana mbele ya hakimu, uongo wa kujitetea mwenyewe hauadhibiwi. Nafasi yote hiyo kapewa, akaja kukopa mdomo wangu.

"Si ungekataa tu kutoa ushahidi, wewe ndugu yake?" kauliza mjuzi mmoja kwenye kundi la Watanzania. Ningependa. Mke, mume, mchumba, wazazi, watoto, ndugu wa tumbo moja, hata mjomba na mpwa, hao wanaruhusiwa kukaa kimya. Mtoto wa mama mkubwa hayumo. Sasa kamweleze mama mkubwa kwa simu kwamba mbele ya hakimu wa huku, mimi na mwanawe ni kama majirani. Nilijaribu. Akakata.

Nikamwambia kaka nitakwenda na nitasema nilichoona. Akanuna, baadaye akaondoa pingamizi kabla ya tarehe na kulipa. Wito wangu ukafutwa kwa barua. Kesi imekwisha, kelele ndiyo zimeanza: mtu asiyejua hata rangi ya gari ananiita msaliti, wengine wanaweka vikatuni vya nyoka. Msaliti angeipeleka ile sauti polisi. Mimi nilikataa tu.

Nyie mnaojiandaa kuja, mnauliza viza, ada ya lugha na mshahara wa kuanzia. Ulizeni na haya. Kumshawishi shahidi hata kwetu sheria inakataza, lakini huku wanafuatilia kweli, kwa barua, na rekodi ya jinai inakufuata hadi kwenye maombi ya uraia. Mwenzako akikutumia ujumbe kama ule, mjibu hapana kwa maandishi.

Na wito usiutie kabatini. Usipotokea bila sababu ya maana unatozwa, na polisi wanaweza kuja kukuchukua. Ukitokea, dai nauli na mshahara uliokatwa, mahakama inarudisha. Kijerumani kikikushinda, omba mkalimani. Mimi nilishachukua likizo ya siku ile, na hiyo hakuna wa kunirudishia, si mahakama wala kaka.