Dar hadi Mbeya kwa gari dogo

Tumefika Mbeya salama, alhamdulillah. Mnaotaka kuendesha wenyewe kutoka Dar, kilomita zinapita 800 na muda unaoonyeshwa na ramani ya simu msiuamini. Kila kijiji kina kibao cha 50, na tochi ya trafiki ya kupima mwendo inakaa palepale unapoanza kujisahau. Mikumi nako taratibu, barabara inakatiza hifadhini na faini ya kugonga mnyama si ya kitoto.

Ila Kitonga, ule mlima wa kabla ya Iringa, ndiyo shule yenyewe. Malori yanayokwenda Tunduma, Zambia na Kongo yanapanda kwa kutambaa, kona juu ya kona, bonde upande mmoja. Tulikaa nyuma ya tanki la mafuta muda mrefu, AC imezimwa injini isichemke. Dereva wa lori anaona mbele kuliko wewe: akiwasha indiketa ya kulia, tulia, ya kushoto, anakuruhusu upite. Hata hivyo hakikisha kwa macho yako mwenyewe. Wale waliovuka mstari wakatupita kwa fujo tuliwakuta juu, wanakunywa soda! Mnaoshuka, gia ndogo, msikalie breki.

Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni nunueni mkiwa mnarudi, la sivyo gari zima litanuka hadi Mbeya. Makoti yawe karibu, Mafinga na Makambako hakuna utani.

Usiku hatukuendesha, tulilala Iringa. Lori likiharibika huwekewa matawi ya miti barabarani, na gizani matawi huyaoni mpaka umeyafikia.